Vyoo Visogezwe Kidole Kimoja

Siku hizi treni ya watoto ikifika kwenye kona ya kiwanja kitupu, hupita kimya. Dereva wake mpya, aliyekuwa mkata tiketi, ni mtu mpole na anafunga breki taratibu, lakini hasemi kitu. Watoto waliozoea hugeuza vichwa kushoto wote kwa pamoja, hungoja, kisha hutazamana.

Kwa miaka kumi na tisa kona ile ilikuwa na sauti. Ilikuwa sauti ya dereva wa zamani, mwanamke mfupi wa kifua kipana, mwenye ovaroli ya buluu, ambaye kila mtu alimwita Shangazi Reli, hata waliomzidi umri. Kiwanja kile cha nyuma ya bustani ya michezo kilikuwa nyasi tupu na mapipa yaliyotoboka. Wenye bustani waliahidi kila mwaka kwamba watapanua. Shangazi hakuwangoja. Alipunguza mwendo, akashika kipaza sauti, akapanua mwenyewe.

"Kushoto kwenu, waheshimiwa, gurudumu refu! Ukifika juu unaona mpaka bafuni kwa jirani. Bado halijafika, liko njiani, lipungieni mkono."

Watoto walipunga. Kesho yake palikuwa na mteremko wa maji unaoanzia mawinguni; keshokutwa, vikombe vinavyokuzungusha mpaka unasahau jina la mwalimu wako. Wakati wa chakula cha mchana wafanyakazi nao walikuwa na ubishi wao kuhusu kitakacholetwa. Fundi wa umeme aliapa kwamba italetwa roketi. Mfagiaji, mama mmoja asiyeishiwa mzaha, alisema wataleta kile kile walicholeta mwaka jana, yaani maneno. Shangazi alitafuna akisikiliza, na katika mzunguko uliofuata roketi ilikuwa imeshasimama kwenye nyasi.

Kisha mpango wa upanuzi ukaja kweli. Mfano wa bustani mpya, wa kadibodi na plastiki, uliwekwa mapokezi ndani ya sanduku la kioo. Shangazi aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Gurudumu lilikuwapo. Mteremko wa maji ulikuwapo. Hata vyoo vilikuwapo, na vijilango vyekundu. Reli haikuwapo. Alilizunguka sanduku mara mbili, kama mtu aliyedondosha ufunguo.

"Treni iko wapi?" alimuuliza meneja.

"Shangazi, ile ni ya zamani. Watoto wa leo wanataka kasi."

"Watoto wa leo nawabeba mimi kila siku, mwanangu. Hawajaniambia."

"Na nafasi hakuna. Wataalamu wamepima."

Hilo la nafasi ndilo lililomkera. Kuambiwa treni imezeeka angelimeza, maana yeye mwenyewe aliigombeza breki ya nyuma kila asubuhi. Lakini nafasi ni kitu cha kupimwa, na mtu akikwambia haipo, una haki ya kwenda kuangalia.

Asubuhi iliyofuata, mfagiaji alipofungua sanduku ili afute vumbi, Shangazi alikuja na rula ya shule. Alipima kila kitu, akaandika kiganjani. Nyumbani alisukuma vyombo pembeni ya meza, akachora. Reli ilipita nyuma ya mteremko, ikazunguka gurudumu, ikarudi. Ilikwama mahali pamoja tu: kwenye vyoo. Akatengeneza kitreni cha maboksi ya viberiti, chenye magurudumu ya vifungo vya shati, na reli yake ya waya wa shaba, akakipeleka.

"Utanifukuzisha kazi," mfagiaji alinong'ona, huku amemshikia kifuniko.

"Sema ulikuwa unafuta vumbi."

"Na wewe je, nikuite vumbi?"

"Niite. Umewahi kulimaliza?"

Meneja alikiona akakitupa. Siku ya pili kikawapo kingine. Siku ya tatu akakibandua kwa kisu, kwa kuwa kilikuwa kimegandishwa kwa gundi. Siku ya nne, siku ya wenye mtaji kuja kutazama, kilikuwapo tena, na juu ya vyoo pamebandikwa karatasi ndogo: *Visogezwe kidole kimoja.*

Mama wa makamo, mmoja wa wenye mtaji, alivaa miwani akaisoma. "Nani kasema visogezwe?"

Shangazi, aliyekuwa amejibanza mlangoni na grisi mikononi, akasogea mbele.

"Mimi. Wameniambia nafasi hakuna. Pimeni."

Msanifu aliyechora ramani alipima, akajikuna sikio, akapima tena.

"Inapita," alisema.

Wiki hiyo hiyo treni iliingizwa kwenye ramani. Wiki hiyo hiyo Shangazi aliitwa ofisini, akasukumiwa karatasi.

"Barua ya kuomba radhi," alisema meneja. "Mistari mitatu tu. Nimekuandikia, wewe tia sahihi."

Aliisoma polepole. "Hapa umeandika nimepotosha wageni."

"Ni lugha ya ofisi tu, Shangazi."

"Treni imo au haimo?"

"Imo."

"Basi nimepotosha nini?"

"Usiwe kichwa ngumu. Ukisaini, utaiendesha wewe. Usiposaini, kazi huna."

Kalamu ilikuwa karibu na mkono wake. Alitaka sana kuipitisha treni ile chini ya gurudumu la kweli. Alishalitangaza mara elfu, hajaliona hata mara moja. Na mistari ilikuwa mitatu tu. Aliisoma tena, akitafuta ulipo ukweli ndani yake, akaukosa.

Aliikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa shati la meneja na kuubonyeza kidogo, kama anayemfunga mtoto kifungo.

"Mpe mkata tiketi aendeshe. Mwambie breki ya nyuma inachelewa kushika, aifunge mapema."

Sasa Shangazi yuko kwenye karakana ya mdogo wake, nyuma ya kituo cha mafuta, anachomelea mageti, Jumatatu hadi Jumamosi.