Ng'ombe wa Gitare

Jumamosi ile ya Gahanga ipo kichwani mwangu mpaka leo, mwanangu, na kabla sijaanza nikuambie kabisa: sijutii. Umekuja hapa kwangu Rebero macho yamevimba kwa sababu wenzako wa mchezo wamekwambia uombe radhi au uache kiti. Eti umewaharibia hadithi kwa kukataa kutia sumu kwenye kisima cha kijiji kilichowaficha humo mchezoni. Haya, kaa. Kula kwanza, halafu unisikilize, maana mimi nilipoteza kiti kwenye meza ya namna hiyo kabla wewe hujazaliwa.

Ndiyo, mimi. Usinitazame hivyo. Mnadhani mchezo huo mmeuvumbua nyinyi?

Nilikuwa nimerudi kutoka Karagwe, walikokimbilia wazazi wangu. Tunasema kurudi, ingawa ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga nchi hii. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuungaunga. Nikifungua mdomo sokoni watu wanacheka, nami nanunua harakaharaka nijiondokee. Nilikuwa mpweke jamani, mpaka nikawa nachukia siku zisizo za kazi. Ndipo Gaspard, tuliyekuwa naye ofisi moja, akanialika kwao Gahanga kucheza. Yeye alikulia Bujumbura. Pale nilimkuta rafiki yake Deo, wa Bujumbura vilevile, na Peace, dada wa Kampala mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Kwa kuwa Kinyarwanda kilitupiga chenga sote, tulizungumza Kiswahili, na kwenye Kiswahili mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji. Pale mezani nilipata watu. Sikuwa na wengine.

Mchezo ulikuwa kama wenu. Gaspard ndiye msimuliaji: dunia yote ni yake, na kila kiumbe tutakayekutana naye anasema kwa mdomo wake. Sisi wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na jambo likiwa la mashaka dadu ndizo zinazoamua. Deo alikuwa shujaa wa upanga, Peace mchawi wa moto, na mimi mchungaji asiye na kwao, jina lake Mutesi.

Sasa sikia. Mwanzoni kabisa tulifika mlimani tukakuta njia imezibwa na jitu moja, Gitare. Deo akataka vita. Mimi nikapiga magoti nikaomba ng'ombe. Utani tu! Wote wakacheka, na Gaspard naye akacheka, akakoroma kwa ile sauti ya jitu, "Nakupa. Chukua huyu mwekundu, upite." Basi nikashukuru kama inavyotakiwa. Nikamsifu ng'ombe, nikamsifu aliyemtoa, na baadaye nikamrudia Gitare na pombe ya shukrani, kwa sababu kwetu ng'ombe hapokelewi kimyakimya, na aliyekupa ng'ombe huwezi kumgeuka tena. Tangu hapo, kila nikitaka kurusha dadu naapa kwa jina lake: "Yampaye inka Gitare!" Gitare ndiye aliyenipa ng'ombe. Wenzangu waliipenda hiyo, hata Peace akawa anaapa kwa Gitare wakati hakupewa hata ndama.

Miezi ikapita, tukafika mwisho wa hadithi. Gaspard akatueleza, kwa ile sauti yake ya kusimamisha nywele, kwamba nchi yote imekauka. Maji yote yanatoka chini ya mlima, na Gitare amelala juu ya chemchemi. Lazima auawe. Alikuwa ameuandaa mwisho huo kwa muda mrefu, maskini, hata pango alikuwa amelichora kwa rangi. Deo akachomoa upanga. Peace akawasha moto. Wakanigeukia mimi.

Nikasema, "Siwezi. Amenipa ng'ombe."

Wakacheka. Nikarudia, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Vestine, hii iko mchezo tu," Deo akasema. "Hiyo ng'ombe haiko."

"Na Gitare yuko? Kama hakuna kitu, haraka ya kumuua ni ya nini?"

Gaspard akajaribu kunibembeleza. Watoto wa nchi ile wanakufa kwa kiu, akasema; ng'ombe mmoja anawazidi watoto? Lilikuwa swali la haki, mwanangu, na sikulidharau. Nikamwambia basi tumwombe Gitare asogee. Hatujamuuliza hata kwa nini amelala pale. "Niache niongee naye."

"Leo haongei."

"Siku ya kunipa ng'ombe aliongea."

"Leo haongei, nimesema!"

Hapo nikaelewa. Gaspard hakuwa akitetea watoto wenye kiu. Alikuwa akitetea mwisho aliouandaa, na ili mwisho huo upite ilibidi Gitare awe bubu na mimi niwe mtu mwingine. Hasira zikanipanda, nikakataa kwa moyo wote.

Kelele zetu zikamleta mama yake Gaspard, na jagi la maziwa mkononi. Mama yule alikuwa na ng'ombe wake nyuma ya nyumba na hakuwa na habari na majitu. Gaspard akamweleza kwa Kinyarwanda chake cha kuungaunga, akidhani atacheka. Mama akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili sote tusikie, "Hiyo ng'ombe, ulimupa ama hukumupa?"

"Nilimpa, Mama, lakini ni ya uongo."

"Kwa mdomo yako?"

"Kwa mdomo wangu."

"Basi ulimupa." Akaweka jagi mezani, akarudi kwa ng'ombe wake.

Ungedhani yameisha hapo. Wapi! Gaspard aliona aibu, na aibu ilimfanya mkali zaidi. Akaniambia, sawa, kama Mutesi anampenda sana Gitare, asimame mbele yake, na wenzake wapite juu yake. Nikasema anasimama. Nilijua nikimpoteza Mutesi nitapoteza Jumamosi zangu, na nikizipoteza narudi kwenye chumba changu peke yangu.

"Semeni mnafanya nini," Gaspard akawaambia.

Peace akazisukuma dadu zake katikati ya meza. "Mimi hapana. Siwezi kumchoma Vestine." Hakusema Mutesi, alisema Vestine. Deo akazungusha dadu mkononi muda mrefu, hanitazami, kisha akarusha. Mutesi akafa.

Gaspard akasema naweza kutengeneza mtu mpya, mradi niombe radhi kwa kuharibu hadithi. Nikachukua mkoba wangu. Niliomba radhi kwa kupiga kelele nyumbani kwa mama yake, kwa sababu hilo nililifanya kweli. La pili sikuliombea radhi, nikatoka.

Nililia, mwanangu. Usije ukadhani ukisimama imara moyo hauumi. Jumamosi zilizofuata zilikuwa ndefu, na ofisini Gaspard na mimi tulisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni.

Peace ndiye aliyenitafuta. Akaniambia hawakumaliza. Kila Gaspard akianza kusimulia jinsi Gitare anavyouawa, anafika pale nilipoanguka, anazikusanya dadu, mchezo unaishia hapo. Kisha siku moja Gaspard mwenyewe akaja kwenye meza yangu ofisini.

"Bora ningemwacha Gitare aongee," akasema.

"Angesema nini?"

"Sijui. Sikuwahi kumuuliza."

Basi nikushauri sasa. Anayekwambia ni mchezo tu, mtazame vizuri, kwa sababu hasemi hivyo anaposhinda; anasema anapotaka ufanye asilotaka kulifanya peke yake. Kama umemtukana mtu kwenye meza hiyo, mwombe radhi leo leo. Lakini kwa kisima, usiombe. Hata dakika moja usiombe. Wakikuuliza hadithi itaishaje sasa, waambie hiyo ndiyo kazi ya msimuliaji, atafute. Na siku ukiwa msimuliaji wewe, usiandae mwisho unaohitaji mtu yeyote azibwe mdomo.

Nenda sasa, uoshe uso. Mungu akupe watu wa kukaa nao mezani, na wasipopatikana akupe nguvu ya kungoja wengine. Ulimi wako usikane uliyoyaahidi. Na pale watakapokutaka uchague kati ya kiti na nafsi yako, Mungu akusimamishe wima, mwanangu, hata ukisimama unalia.