Nilitafsiri posa ya mdogo wangu, sikuifafanua

Wakuu, salamu kutoka Muthara, Tigania, hapa Meru. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sijayapaka rangi.

Kiswahili nilijifunza peke yangu, kwa kamusi kuukuu na daftari. Humo niliandika: kutafsiri ni kuhamisha maneno ya mtu, kufafanua ni kuyafungua ili mgeni aone yaliyomo.

Nilijivunia sana tofauti hiyo.

Mdogo wangu Mwenda alipotaka kumwoa Wakesho, tulienda Embu kwa baba yake, mwalimu mstaafu, Mtaita asiyejua Kimeru. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo, asiyejua Kiswahili. Mimi nikawa mkalimani.

Njiani alinionya kwa Kimeru: "Wewe ni mdomo wangu tu. Ukiongeza yako, nitakushusha Chuka urudi kwa miguu."

Baada ya chai aliweka mezani kitita cha miraa, kimefungwa kwa majani ya mgomba. "Mwambie tumemletea hii."

Nikasema, "Mzee anasema tumekuletea hii." Neno kwa neno.

Kwetu Tigania kitita hicho ndicho posa yenyewe. Kikipokewa, mazungumzo yamefunguka. Kikirudishwa, yamekwisha.

Mwalimu akacheka kwa upole, akakisukuma. "Asante mzee, lakini mimi na miraa wapi na wapi! Meno yaliyobaki ni ya uji. Utatafuna njiani."

Nikayatafsiri hayo pia neno kwa neno, lakini baba mdogo alitazama mkono uliosukuma, akasimama. "Twendeni. Tumekataliwa."

Nilielewa papo hapo. Sentensi mbili zingetosha. Lakini niliagizwa kutafsiri, nikajiona mwaminifu kwa kunyamaza.

Mwenda, ambaye kwa desturi hakuruhusiwa kusema, alinitazama mpaka mlangoni.

Baba mdogo akaapa kutorudi. Mwenda aliandika barua. Mwalimu akajibu kwamba hawezi kutoa binti kwa watu wanaoondoka bila kuaga.

Ilinichukua miezi mitatu kupata ujasiri wa kwenda Embu kueleza. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaonyesha kiti.

"Kijana wangu, siku ile ulikuwa umekaa hapo hapo."

Wakesho alikuwa ameshachumbiwa kwingine.

Daftari bado ninalo. Maana zote mbili ni sahihi. Nilichojifunza kwa kuchelewa ni kwamba aliyewekwa katikati ana deni kwa pande zote mbili, hata akikatazwa.

Siku hizi wageni wakija, Mwenda haniiti. Anajikaza na Kiswahili chake kibovu, na wanaelewana.

Wewe uliyewahi kuwa mdomo wa mtu, ulivunja agizo au ulinyamaza? Niambie, hata kama ni kunilaumu.