Kindege cha Kutoka Maskati

Msumeno ule ningali nausikia. Ulikuwa ukikata viunza nyuma ya nyumba yetu, Mtambile, zile mbao za kumfunikia bibi kaburini, na kila ulipokwenda na kurudi mama alifumba macho. Bibi alikuwa amefariki alfajiri. Mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa Maskati, na asubuhi ile alipiga simu kwamba kapata kiti katika ndege. Ombi lake lilikuwa moja tu: auone uso wa mamaake kabla hajazikwa.

Kwetu maiti hangojwi. Shehe aliyekuja kusimamia mazishi akasimama ukumbini, akauliza, "Maskati na hapa masaa mangapi?"

Wakanitazama mimi. Shule niliishia kidato cha pili, lakini nani asiyejua ndoto yangu ya kuhudumu ndani ya ndege? Ramani ya darasani niliipima yote kwa uzi, kutoka Pemba hadi miji ambayo hata kuitamka siwezi.

"Matano na kidogo, Shehe, mpaka Unguja. Halafu kile kindege cha kuja huku, nusu saa."

"Huyu hajapanda hata mkarafuu," akasema ami mwenye msumeno, kichwa dirishani, "lakini ndege azijua."

Wanawake wakacheka kidogo. Hata mama.

Shehe hakucheka. "Basi tutazika baada ya alasiri. Zaidi ya hapo simngoji mtu, hata awe mwanangu."

Bibi akakoshwa, akavishwa sanda, uso ukaachwa wazi. Nilikaa karibu yake nikimfuata mjomba moyoni, juu ya mawingu: sasa yuko Somalia, sasa Mombasa. Na nikamkumbuka bibi mwenyewe. Kindege kikipita, yeye huacha karafuu zake jamvini, akaweka kiganja juu ya macho, akaniuliza, "Kinatoka Maskati hicho?" Nilijua kinatoka Unguja tu. Nikimjibu, "Ndiyo, bibi," naye hurudi kwenye karafuu zake, karidhika.

Adhana ya alasiri ilikuwa karibu simu ilipolia. Mjomba yuko Unguja! Mama akashika kifua, akatabasamu, kisha tabasamu likafutika. Mvua imekizuia kindege. Hakiruki mpaka kesho. Bahari yote ile kaivuka, kaja kukwama kwenye kipande ambacho, kwa uzi wangu ramanini, hakikufika hata upana wa ukucha.

Shehe aliichukua simu mwenyewe, kwa upole. "Mwanangu, wasemaje?"

Tulimsikia mjomba akilia. Halafu akasema, "Zikeni, Shehe. Msimchoshe mama."

Mama ndiye aliyeufunika ule uso, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Jeneza likatoka.

Asubuhi yake mvua ilikatika. Wenzangu walikuwa ndani wakimsomea bibi khitma, nami niko uani nakosha masufuria, niliposikia kindege kikija kwa upande wa kusini. Nikaliweka sufuria chini. Nikaenda pale bibi alipokuwa akitandika jamvi lake, pana karafuu mbili tatu zilizosahauliwa, zimerowa. Nikaweka kiganja juu ya macho mpaka nikakiona.

"Ndiyo, bibi," nikamwambia. "Hiki kinatoka Maskati."