Kiwavi Ndani ya Jiwe

Hadi leo naikumbuka siku ambayo shangazi alinituma mimi na mdogo wangu Chelagat tukachimbe udongo wa chumvi wanaolamba ng'ombe, kwenye genge lililo chini ya shamba letu la majani chai, huku Mogogosiek. Tulichimba bila kusemezana. Siku chache kabla, posa yangu ilipokuja, Chelagat alikuwa amemimina maziwa ya wageni kwenye kibuyu ambacho hakijapakwa mkaa. Nawe unajua, mwanangu, kibuyu kisipopakwa mkaa kwanza, maziwa hayakai. Yaliharibika, wageni wakanywa chai tupu, nami nikanuna kama niliyefiwa. Na kesho yake Chelagat alikuwa anahamia Nakuru, kazini.

Jembe langu likapasua jiwe. Ndani alilala kiwavi, mikunjo yote ya ngozi ipo, ungedhani ameingia asubuhi hiyo. Tulilibeba nyumbani. Jirani yetu, mwalimu wa sayansi, alipopita kuchukua maziwa, alilitazama sana. Akatueleza kwamba zamani za volkeno, majivu yalimfunika mdudu huyo akiwa bado mbichi, kisha maji yenye chokaa yakapenya mwilini kabla haujaoza, chokaa ikaganda na kushika umbo lake.

"Mfupa unaweza kungoja," alisema. "Kitu laini lazima kiwahiwe."

Shangazi aliyekuwa akikamua ng'ombe akanigeukia. "Umesikia? Hata mdudu aliwahiwa. Wewe na dada yako mnangoja nini, muoze?"

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Jioni nikamwita Chelagat jikoni, tukapaka kile kibuyu mkaa pamoja, yeye akilia, nami nikilia kumshinda. Alisafiri nacho, kimejaa maziwa.

Sasa sote ni wazee. Kila Jumapili baada ya kanisa ananipigia simu, tunasengenya watu hadi kredito inaisha. Jiwe liko hapa dirishani, lishike ukitaka.

Nimesikia wewe na kaka yako hamsalimiani tangu mgawane shamba. Mwanangu, mpaka wa shamba hauozi, utawangoja. Undugu ndio laini. Usingoje Krismasi, wala matanga. Mpigie leo, kabla hujatoka hapa kwangu.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuomba msamaha, naye ampe sikio. Na ng'ombe wenu wanywe maji ya mto mmoja.