Mpangaji Aliyelamba Mawe

Mpangaji wa Mama Adolphine alisomea mawe, na kila jiwe alililamba kwanza. Hata bunduki za vita vya kujitenga kwa Katanga zilipolia upande wa Karavia, alikaa barazani akiligeuza juani jiwe lililolowa, kama mtu aotaye ndoto.

“Chumvi inakosa, baba?” Adolphine akamchokoza.

“Hii ilikuwaka moto, mama, laini kama uji. Ikapoa polepole ndani ya udongo, ndiyo maana chembe zake ziko kubwa. Yenye kupoa haraka, chembe hauzione.”

Shemeji yake Adolphine akabisha hodi. Mume, ambaye Adolphine alimfukuza kwa sababu ya msichana, alikuwa amemtuma aseme sasa anataka kurudi.

“Hasira ilishapoa, shemeji?”

Mpangaji hakuinua macho. Adolphine alikuwa amelishika jiwe, zito, likimetameta.

“Ilipoa,” alisema. “Polepole. Umwambie asikuje.”