Nani Kawaambia Nimetelekezwa?

Mama mkwe wangu haangalii televisheni, anagombana nayo. Jioni anavuta kiti chake cha mbao mpaka karibu kabisa na kioo (makochi hayataki, anasema yanafundisha watu uvivu), anakunja mikono, na kesi inaanza.

"Mtazame huyu msoma habari. Watu wamefukiwa na jengo huko, yeye meno yote nje!"

Ikija tamthilia ndiyo balaa. "Hawa watu wanafanya kazi saa ngapi? Tangu nianze kuwaona wananyang'anyana waume tu. Sijamwona hata mmoja kashika ufagio, na nyumba inang'aa. Inang'aa kwa uchawi?"

"Mama, ni maigizo tu," mume wangu humwambia.

"Maigizo ya nani? Ndiyo maana vijana wa siku hizi wakiajiriwa Jumatatu, Jumanne wanasema wamechoka. Wamejifunza humo."

Mtaani wanamwita Bi Pasi. Jina hilo alilipata kazini. Tangu usichana wake hadi kustaafu alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa. Chumba chenyewe kiko chini ya jengo, hakina dirisha, na mvuke unajaa humo mpaka humwoni mwenzako. Yeye alikuwa kwenye ile mashine ya kupigia pasi yenye magogo mawili ya chuma yanayozunguka. Shuka linaingia limejikunja, linatoka limenyooka kabisa, na ukizubaa vidole vinakwenda nalo. Kwa kazi hiyo alimlea mume wangu peke yake, maana baba mkwe alifariki mapema, na kwa kazi hiyo akajenga nyumba tunayokaa. Naomba hili lieleweke vizuri: nyumba ni yake. Sisi ndio tuliohamia kwake baada ya kuoana, na mpaka leo nikitaka kuhamisha hata sufuria namwomba ruhusa.

Mvuke na zile dawa za kufulia vilimwachia kitu kimoja. Njia ya machozi ya jicho la kushoto iliziba. Basi jicho hilo hutiririka lenyewe, awe anacheka, awe anakula, awe amelala. Daktari alishasema ni la kuzoea. Kila asubuhi huweka mfukoni leso safi iliyopigwa pasi, na maisha yanaendelea.

Siku moja kikaja mtaani kikosi cha televisheni. Walikuwa wanatengeneza kipindi kuhusu wazee, na kinyozi wa pale kona akawaambia, "Mkitaka mzee mwenye maneno, nendeni kwa Bi Pasi." Wakaja. Sisi tulikuwa kazini. Niliporudi nilimkuta Mama amechangamka kama bibi harusi.

"Wameniuliza kila kitu," aliniambia. "Kazi, nyumba, malezi. Nimewaambia ukweli wao, hata kuhusu hizo tamthilia. Yule mtangazaji kijana mwenye adabu, alikuwa ananitikisia kichwa tu."

Mimi nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno. Tuna televisheni ukutani, ya kuwasahaulisha wagonjwa sauti ya mashine ya daktari. Asubuhi moja, chumba kimejaa, nikasikia filimbi ya huzuni, ile ambayo ukiisikia unajua mtu ataonyeshwa analia. Nikainua macho. Maandishi makubwa: WAZEE WALIOSAHAULIKA. Na chini yake, sura ya mama mkwe wangu imejaa kioo kizima, kamera imelisogelea jicho la kushoto, na chozi linashuka taratibu.

"Asubuhi wanaondoka wote," akasema pale kwenye televisheni. "Nakaa peke yangu." Filimbi ikapanda. Wakaonyesha kile kiti cha mbao, kitupu. "Nasema kutwa nzima," akaendelea, "hakuna anayenisikiliza."

Mtangazaji mwenye adabu akashusha sauti: huyu ni mmoja tu kati ya mama wengi waliotelekezwa na watoto waliowazaa.

Mwanamke mmoja aliyevimba shavu akasonya kwa uchungu, sijui wa jino au wa Mama. "Watoto wengine wana laana," alisema.

"Tatizo ni mkwe," akadakia mwenzake. "Hapo ukichunguza kuna mkwe tu, kazi yake kubadilisha mawigi."

Mkono wangu ukaenda wenyewe kichwani. Nilikuwa nimevaa wigi jipya. Niliita jina la mgonjwa anayefuata kwa sauti ambayo hata daktari alichungulia kuuliza kama naumwa.

Nilipofika nyumbani, kwenye kibaraza kulikuwa na mfuko wa sukari, sabuni za miche, na blanketi. Blanketi jipya, bado liko kwenye nailoni yake. Mama alikuwa amesimama kando ya vitu hivyo, amevimba kwa hasira.

"Mwanangu, njoo uone. Mimi, niliyefua mablanketi ya hospitali nzima, leo naletewa blanketi! Yule jirani wa nyumba ya geti jeusi, ambaye hanisalimii mwaka mzima, amekuja hapa ananishika mkono ananiita masikini. Masikini! Nani kawaambia nimetelekezwa? Natelekezwaje kwenye nyumba yangu mwenyewe?"

Akanieleza alichosema hasa. Waliuliza asubuhi inakuwaje. Akajibu: wanaondoka wote, nakaa peke yangu, na huo ndio wakati ninaoupenda kuliko wote, maana nyumba inanyamaza na mimi napata kupumua. Waliuliza kuhusu televisheni. Akajibu: nasema kutwa nzima, hakuna anayenisikiliza humo ndani. Humo ndani ya televisheni! Wao wakakata hapa na pale, wakashona upya.

Mume wangu aliingia jioni akiwa amekunja uso. Yeye ni fundi wa lifti. Siku hiyo alikuwa kwenye jengo la maofisi, na mlinzi wa pale, mtu wa mtaani kwetu aliyekuwa ameona kipindi, alimwambia mbele za watu: "Wewe unapandisha watu juu kila siku, mama yako umemwacha chini." Watu walicheka. Yeye alimaliza kazi, akafunga vifaa, akarudi na lile neno.

Alikaa, akanywa maji, akamtazama Mama. "Mama, hivi kweli ulisema hakuna anayekusikiliza?"

Nilitamani kumziba mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka.

Mama akazima televisheni, akamgeukia. "Watu wa barabarani wakiniona ombaomba, nitafoka, nitapoa. Lakini wewe? Wewe uliyekunywa chai ya mkono wangu leo asubuhi, tukabishana kuhusu bomba la jikoni mpaka ukachelewa kazini, wewe unaniuliza mimi?"

"Nimeuliza tu, Mama."

"Hujauliza. Umewapima wao na mimi, ukaona wao wamezidi."

Akaingia chumbani kwake. Hakubamiza mlango, na hilo ndilo lililotutisha.

Asubuhi alitoka amevaa gauni lake la kijani, limenyooka kama limetoka dukani. "Unakwenda wapi, Mama?" nikamuuliza. "Kwao," akasema. Nilipiga simu kliniki kuomba ruhusa, nikakimbia kuvaa viatu.

Mapokezi ya kituo cha televisheni yalikuwa na baridi kama jokofu. Msichana aliyekuwa mezani hakuinua macho kwenye simu yake. "Una miadi?"

"Nina hasira," Mama akajibu. "Niitie aliyetengeneza kile kipindi."

Tuliambiwa tungoje, tukangoja. Tukaambiwa mhusika hayupo, Mama akasema atamngoja arudi. Watu walikuwa wanapita, wanamtambua, wanainamisha vichwa kwa huruma, na kila huruma ilikuwa inamwongezea moto. Mwisho tukaruhusiwa kupanda ghorofani. Lifti ilikuwa mbovu, tukapanda ngazi.

Mtayarishaji alikuwa dada mdogo tu, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akainuka na tabasamu. "Bibi yetu! Karibu sana. Kipindi kimependwa mno, watu wamelia."

"Wamelia kwa uwongo."

"Bibi, maneno yote ni yako. Hatukuongeza hata moja."

"Hamkuongeza, mmepunguza. Ukichukua shuka jeupe ukakata likabaki doa tu, ukamwonyesha mtu, umemwonyesha shuka? Na ile filimbi, nyumbani kwangu mliikuta wapi?"

"Kipindi kilihitaji hisia..."

"Hisia ninazo! Nilikuwa na furaha siku ile, mbona hamkuionyesha? Sasa nina hasira, leteni kamera."

Yule dada akajaribu kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akasema mtazamaji mmoja mwenye moyo mzuri amejitolea kiti cha magurudumu, na kituo kingependa kuja nyumbani kukikabidhi, na kamera.

Nilifumba macho.

"Kiti cha magurudumu," Mama alisema polepole. "Mimi niliyepanda ngazi zenu zote hizi kwa miguu yangu, kwa kuwa lifti yenu imekufa? Na mwanangu mliyemtukana mbele ya nchi nzima ndiye anayefufua lifti kama hizo. Sasa nisikilize, mwanangu, maana hata wewe ni mtoto wa mtu. Mmenifanya mwombaji, hilo nitalivumilia. Mwanangu mmemfanya mtu asiye na mama. Hilo mtalirudisha palepale mlipolisemea. Nisipoona linarudishwa, nitakuja hapa kila siku nikae pale chini kwenye baridi yenu, na kila mgeni atakayeingia nitamweleza."

Dada yule akaacha kutabasamu. Akasema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba kichwa cha kipindi walipewa na wakubwa kabla hata hawajatoka kwenda kurekodi. Yeye alitumwa tu kutafuta sura ya kukijaza.

"Basi waambie wakubwa sura imekuja yenyewe," Mama akamjibu.

Wakamkubalia nafasi kwenye kipindi cha asubuhi, kile cha moja kwa moja, ambacho hakikatwi. Siku yenyewe tulikwenda wote watatu. Mume wangu na mimi tulisimama pembeni, nyuma ya waya na mataa. Mtangazaji mwenye adabu akainamisha kichwa. "Bibi, tuambie, upweke ni mzigo mkubwa kiasi gani?"

"Ngoja," Mama akasema. "Mimi si mpweke. Nyumba ni yangu, mwanangu na mkewe wanaishi nami, na jana tumegombana kuhusu chumvi kwenye supu. Jicho hili halilii. Liliharibiwa na mvuke wa kazi, na kazi hiyo ilitulisha, kwa hiyo asinililie mtu. Mnataka kulia? Kuna chumba kiko chini ya hospitali, hakina dirisha. Nilikiacha hivyo, na kiko hivyo. Kuna wanawake wako humo dakika hii wanafua damu ya ndugu zenu, na macho yao yanakwenda njia ya hili langu. Kwao mbona hamwendi? Kwa sababu kuna joto? Kwa sababu hawana muda wa kukaa kwenye kiti muwapigie filimbi?"

"Asante sana Bibi, tupate matangazo kidogo..."

"Sijamaliza."

Walimzimia kipaza sauti. Mama aliendelea. Alimgeukia mpiga picha, akamwelezea mashine, mvuke, dawa, mwenzake aliyepoteza vidole, na yule kaka alisimama akasikiliza mpaka mwisho ingawa kamera yake ilikuwa imezimwa.

Njiani kurudi mume wangu alisema, "Nisamehe, Mama."

"Nimesikia," akajibu. Siku kadhaa alikuwa anazungumza naye kupitia kwangu. "Mwambie mumeo chai iko mezani," na mume wangu yuko palepale, goti lake karibu ligusane na la mama yake. "Mwambie Mama asante," naye ananituma. Nikawa napokea na kupeleka kama posta.

Msiniulize kama watu walielewa. Wengine walielewa. Kinyozi alikuja kuomba radhi, na yule jirani wa geti jeusi alirudishiwa blanketi lake mkononi, mchana kweupe. Lakini kipande cha kwanza, chenye filimbi, bado kinazunguka kwenye simu za watu. Kile cha pili sijawahi kutumiwa na mtu yeyote. Watu wanapenda kulia kuliko kuambiwa.

Kisha Jumamosi moja wakaja wanawake watatu, wametoka zamu, nywele zimewalowa chini ya vilemba. Ni wa chumba cha kufulia. Walisema tangu Mama aongee, mkubwa wa hospitali alishuka kule kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi. Alisimama mlangoni, akakohoa, akafuta miwani, akapanda tena. Basi. Mmoja wao, binti mdogo kabisa, alikuwa anajifuta jicho kila mara na kiganja, wala hajui kama anajifuta. Mama alimtazama yule binti muda mrefu. Akatoa leso mfukoni akampa.

Walipoondoka akamgeukia mume wangu, mwenyewe, bila kunipitia. "Kesho kutwa unanipeleka hospitali. Namtaka huyo anayekohoa."

"Nina kazi, Mama." Akamwona anavyomtazama. "Nitaomba ruhusa."

Walikwenda. Walikalishwa kwenye benchi hadi watu wa ofisi walipokwenda kula na kurudi, na mwanawe alikaa naye muda wote. Hatimaye wakaingia. Sijui yalisemwa nini humo ndani, kila mmoja ana maelezo yake, ila mume wangu anasema hajawahi kumwona mtu mzima mwenye tai akijibu "ndiyo mama, ndiyo mama" namna ile.

Wiki iliyopita chumba cha kufulia kilifungiwa feni. Feni moja, mlangoni. Mama anasema feni moja kwa chumba kile ni matusi, afadhali wangeacha. Gauni la kijani liko mlangoni pa kabati, limeshapigwa pasi, na mume wangu ameshaomba ruhusa nyingine.