Neno “Changu” katika Maktaba ya Mji

Mji mzima ulimwita Manang Ursing, yaani dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Katika mji ule mdogo wa kisiwa cha Panay, Ufilipino, hapakuwa na mtu aliyejifunza kusoma bila kunyamazishwa naye angalau mara moja. Alipoanza kazi ya ukutubi, mabenchi ya maktaba yalijaa kila alasiri watoto waliotoka kuoga mtoni, nywele zikiwadondoka maji, na harufu ya karatasi ilichanganyika na ya ibos, ule wali wa nata uliofungwa katika jani changa la mnazi, waliokuwa wakiula kwa siri chini ya meza. Sasa mabenchi yalikaa matupu. Watoto walikuja kwa ajili ya intaneti ya bure, wakaegemea ukuta wa nje, simu mkononi, wala hawakuingia.

Ndipo Bwana Dulo wa ofisi ya meya alipotoa uamuzi wake: rafu ya vitabu vya zamani ingeondolewa kabla ya sikukuu ya mji ili kompyuta zipate nafasi, na vitabu vitakavyosalia ni vile tu vitakavyokuwa vimeazimwa. Hakuwa mtu mbaya.

“Manang, kitabu kisichosomwa ni chakula cha mchwa tu,” alisema.

“Mchwa angalau wanaingia ndani,” alijibu Manang Ursing.

Kwa kuwa wasomaji walikuwa wamehamia kwenye simu, aliamua kuwafuata huko huko. Aliegemeza simu yake kwenye kopo la kalamu, akafungua ukurasa wa maktaba katika Facebook, akaanza kurusha mubashara. Alishika kitabu kimoja kimoja, akaeleza kwa utaratibu jina lake, hali ya jalada na kurasa zilizolegea. Kumbe hivyo ndivyo wafanyavyo wauza mitumba wa mji ule: huinua kiatu au kibeti mbele ya simu, wakataja kasoro zake, na wa kwanza kuandika “Changu” ndiye anayekipata. Basi maneno yakaanza kumiminika. Changu. Changu, Manang. Changu, unapunguza?

“Hapa hatuuzi,” alisema kwa ukali. “Hii ni mali ya umma. Nani anaomba kupunguziwa? Wewe, Merlita? Kitabu ulichoazima ukiwa darasa la nne hujakirudisha mpaka leo.”

Merlita akaandika kwamba bado hajakimaliza.

Manang Ursing alitaka kuzima simu, lakini macho yake yakarudi kwenye lile neno. Ilikuwa zamani sana mtu alipokiita kitu chochote cha chumba kile “changu”. Akalainisha sauti.

“Haya. Anayeandika ‘Changu’ aje akichukue, akisome, akirudishe. Bei ni hiyo.”

Wakaja, wengine wakicheka kwa aibu, wakizinusa kurasa kabla ya kuzisoma. Kufikia mkesha wa sikukuu, rafu ilikuwa imebaki na kitabu kimoja, kile cha ndege wa visiwani, chenye doa jeusi kwenye picha ya korongo. Alikiinua tena mbele ya simu. Jibu likatoka melini, kwa fundi mitambo aitwaye Pidyong: “Changu, Manang. Hilo doa ni la ibos ya mama. Usimpe mtu.”

Bwana Dulo, aliyekuwa amekuja kuhamisha rafu, alisikitika kweli, lakini aliye baharini haazimi kitabu. Sharti ni sharti. Bado walikuwa wakibishana alipoingia Nanay Basya, mama yake Pidyong, akiwa na mwavuli na gauni la kanisani.

“Mwanangu amepiga simu. Anasema kuna kitu chetu hapa.”

“Utakisoma, Nanay?” aliuliza Bwana Dulo kwa upole.

“Herufi sizijui, mwanangu. Doa nalijua.”

Bwana Dulo alikitazama kitabu, kisha akaenda kupima ukuta wa upande wa pili kwa ajili ya kompyuta.

Tangu hapo, kila muda wa kurudisha unapofika, Nanay Basya hukileta kimefungwa katika kitambaa, akakiazima upya. Kabla hajaondoka hukaa benchini, na Manang Ursing husoma ukurasa mmoja mbele ya simu, ili na kule melini usikike. Siku moja, akiwa katikati ya habari za korongo, alisikia jani la mnazi likifunguliwa polepole chini ya meza. Akaendelea kusoma, wala hakumnyamazisha mtu.